Kiguu na Njia na Penati ya Kuchota: Sebastián Abreu Alivyoifanya Kazi Yake

Kila inapotajwa penati ya Sebastián Abreu dhidi ya Ghana, watu husema ule ulikuwa wazimu, na jina lake la utani, El Loco, yaani kichaa, huwapa ushahidi wa bure. Mimi naihesabu miongoni mwa penati zilizopigwa kwa akili tulivu kuliko zote katika Kombe la Dunia. Tupige hesabu kwanza, ushabiki usubiri.

Ni tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali kati ya Uruguay na Ghana. Dakika 120 zimekwisha kwa sare ya 1-1: Sulley Muntari wa Ghana alifunga kwa shuti la mbali, Diego Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Sekunde za mwisho Luis Suárez ameuzuia kwa mikono mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah uliokuwa ukienda wavuni, akala kadi nyekundu, na Asamoah Gyan akaipiga penati ile kwenye mtambaa panya. Timu zinaingia kwenye matuta, Uruguay wakianza. Baada ya mikwaju minne kila upande, Uruguay wamefunga mitatu na Ghana miwili. Kipa wa Uruguay, Fernando Muslera, ameokoa ya John Mensah na ya Adiyiah, na Maxi Pereira ameupaisha wake. Mpigaji wa tano wa Uruguay ni Abreu, jezi namba 13, miaka 33, aliyeingia dakika ya 76 kuchukua nafasi ya Edinson Cavani.

Akifunga, mechi imekwisha. Akikosa, Uruguay bado wanaongoza, na ni Ghana watakaolazimika kufunga mkwaju wao wa tano ili tu wasawazishe. Kwa hiyo kosa lake lisingeitoa timu. Usiku ule alikuwa na nafasi ya kufanya jaribio la hatari, na aliijua nafasi hiyo.

Sasa turudi nyuma hadi Belgrade, 20 Juni 1976, fainali ya Mataifa ya Ulaya kati ya Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi. Mechi inaamuliwa kwa matuta, na Uli Hoeness wa Ujerumani Magharibi anaupaisha mkwaju wake. Chekoslovakia wanaongoza 4-3, na mpigaji wao wa tano, Antonín Panenka, anauinua mpira taratibu katikati ya goli huku kipa Sepp Maier akiwa ameshalala pembeni. Hali ni ileile kabisa: mkwaju wa tano, timu yake iko mbele kwa bao moja, kukosa si kufa. Wanaosimulia mikwaju hii miwili husifu ujasiri wa wapigaji wakaisahau hesabu iliyoubeba. Abreu mwenyewe alizaliwa Oktoba 17 mwaka huohuo wa 1976, katika mji wa Minas, Uruguay, miezi minne baada ya ile ya Panenka.

Upande wa kipa nao una hesabu yake. Penati inayopigwa kwa nguvu hufika golini ndani ya takribani nusu sekunde. Goli lina upana wa mita 7.32. Kipa akisubiri auone mpira unakwenda wapi ndipo aruke, amechelewa. Lazima achague upande wakati mguu wa mpigaji unaukaribia mpira. Mwaka 2007 watafiti wa Israel wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchambuzi wa penati 286. Makipa walibaki katikati kwa asilimia 6 tu hivi, ilhali mipira iliyopigwa katikati ilikaribia asilimia 29. Maelezo yao yananiingia akilini: kipa akiruka akakosa, watu husema amejitahidi, akisimama wima mpira ukapita pembeni, ataitwa mzembe. Aibu ya kusimama ndiyo inayomwangusha. Na katika matuta ya robo fainali, ambako taifa zima linamtazama, aibu hiyo huongezeka uzito. Kipa wa Ghana, Richard Kingson, alikuwa na kila sababu ya kuruka.

Lakini mpira wa kuchota, huo wa kuinuliwa taratibu katikati, una udhaifu mkubwa: ni wa polepole. Unaweza kuchukua karibu mara mbili ya muda wa shuti kali, na kipa aliyebaki wima huudaka kama anayerushiwa chungwa. Ndiyo maana ufundi wote uko kabla mguu haujagusa mpira. Abreu ni wa mguu wa kushoto. Alichukua mbio ndefu, za mtu anayekuja kupasua nyavu, mabega yakiwa yameinama mbele. Mpigaji anayekuja kwa hatua fupi za kunyatia humwambia kipa subiri. Yeye alimwambia kipa wahi. Hatua ya mwisho ndipo kila kitu kinabadilika: mguu wa kulia unakita kando ya mpira, wa kushoto unaingia chini yake na kukomea hapo, pasipo kuendelea mbele. Mpira ukainuka ukijizungusha kinyumenyume. Jabulani, mpira wa mashindano yale, ulilalamikiwa na makipa kwa kuyumba hewani ulipopigwa kwa nguvu. Kwa mwendo huu wa taratibu haukuwa na ukaidi wowote. Kingson alikuwa ameshakwenda. 4-2. Bara zima lililobaki na timu moja tu lilinyamaza, na wengi wetu Afrika Mashariki hatujaisamehe Uruguay hadi leo, ingawa hasira yetu kwa haki ilimwendea zaidi Suárez.

Kilichonishangaza nilipoifuatilia habari hii ni jinsi ambavyo haikuwa siri. Tarehe 18 Aprili 2010, wiki kumi hivi kabla ya Johannesburg, Abreu alikuwa Botafogo, akicheza na Flamengo mechi iliyoamua ubingwa wa jimbo la Rio de Janeiro. Botafogo walipata penati mbili. Ya kwanza alipiga Muargentina Germán Herrera. Ya pili akaja Abreu, akauchota katikati, mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini na kuingia. Kisha kipa wao Jefferson akaipangua penati ya Adriano wa Flamengo, Botafogo wakashinda 2-1 na kutwaa ubingwa. Brazil nzima iliona. Wachezaji wenzake wa Uruguay waliosimama mstari wa kati kule Soccer City nao walimjua vizuri mtu wao. Taarifa ilikuwepo, haikufika kwa kipa, au ilifika ikashindwa na ile hofu ya kusimama.

Mtu wa namna hii hutengenezwa na maisha ya namna gani? Hapa ndipo penati inapokutana na safari zake. Mwishoni mwa 2017 aliposaini Audax Italiano ya Chile, Guinness ilimtambua kwa kuchezea klabu 26, akimpita kipa Mjerumani Lutz Pfannenstiel mwenye 25. Hakuishia hapo, alipostaafu Juni 2021 akiwa Sud América ya Montevideo, na umri wa miaka 44, orodha ilikuwa imevuka 30, katika nchi 11: Uruguay, Argentina, Hispania, Brazil, Mexico, Israel, Ugiriki, Ecuador, Paraguay, El Salvador na Chile. Huku kwetu mchezaji akibadili timu mara tatu tu anaulizwa ana tatizo gani. Kwa Abreu swali hilo lina majibu mawili, na la kwanza halimhusu yeye.

Januari 1998, akiwa na miaka 21 na akitokea San Lorenzo ya Buenos Aires, alinunuliwa na Deportivo La Coruña. Hispania haikumkubali. Deportivo ya miaka ile ilikuwa na fedha na mastraika wa kutosha, na badala ya kumuuza ilianza kumkopesha: Grêmio, kisha Tecos ya Guadalajara, kisha San Lorenzo tena, kisha Nacional, kisha Cruz Azul. Deportivo walipotwaa ubingwa wa Hispania msimu wa 1999-2000, Roy Makaay akiongoza mashambulizi, mali yao Abreu ilikuwa ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo kuhamahama kwake kulianza kama uamuzi wa ofisi ya watu wengine. Sura ya kwanza ya sifa ya kiguu na njia iliandikwa na mikataba ya mkopo.

Jibu la pili ni kalenda. Mexico na Argentina wakati ule ziligawa mwaka katika mashindano mawili mafupi, kila moja na bingwa wake. Mkataba wa miezi sita kule ulikuwa mkataba wa ligi nzima: unafika, unacheza, unapimwa, unaondoka na takwimu kamili mkononi. Katika shindano la Verano 2002 alikuwa mfungaji bora wa Mexico akiwa na Cruz Azul, mabao 19. Katika shindano la Clausura 2001 alikuwa bingwa wa Argentina na San Lorenzo ya kocha Manuel Pellegrini, na katika Clausura 2008 akawa bingwa tena na River Plate ya Diego Simeone. Brazil nayo hufungua mwaka kwa ligi za majimbo, na uzeeni Abreu aliishi humo: Bangu ya Rio mwaka 2017, Rio Branco ya Espírito Santo mwaka 2019, Athletic ya Minas Gerais mwaka 2021. Klabu ndogo inataka jina la kujaza viti kwa miezi michache. Jina linataka goli na chumba cha kubadilishia nguo. Biashara inafungwa haraka.

Lakini kalenda peke yake haimpi mtu ajira. Wapo washambuliaji bora kuliko yeye ambao wasingeweza kuishi hivyo, kwa sababu mchezo wao unahitaji kiungo fulani anayejua pasi fulani, na uelewano wa aina hiyo huchukua misimu. Mchezo wa Abreu ulidai vitu vichache sana kwa wenzake. Ana mita 1.93. Mpe krosi kutoka upande wowote, naye atajiweka nyuma ya beki wa kati, kwenye lile pengo kati yake na beki wa pembeni, mahali ambapo hakuna anayejua amkabe nani. Mpe mpira mrefu, atageuza mgongo kwa goli, atauzuia kwa kifua na kuuacha kwa anayekuja. Hakuwa na mbio, na hakujifanya anazo. Kasi yake ilikuwa katika kuamua asimame wapi. Straika wa mbio akifika miaka 32 bei yake huporomoka. Wa kusimama mahali sahihi anaweza kuuza hadi nywele ziwe na mvi, na Abreu aliuza.

Kuna kisa cha Dorados ya Culiacán kinachonifurahisha. Mwaka 2006 alicheza huko pamoja na Pep Guardiola, aliyekuwa anamalizia soka lake chini ya kocha Juan Manuel Lillo. Chumba kimoja kikawa na mtu ambaye angekuja kuutaka mpira upite kila mguu kabla ya kufika golini, na mtu ambaye krosi moja ilimtosha. Timu ilishuka daraja.

Kocha wa Uruguay, Óscar Tabárez, alimwelewa vizuri kuliko makocha wengi. Kwenye kikosi chenye Forlán, Suárez na Cavani, Abreu hakuwa na haki ya kuanza, na hakuitwa kwa ajili hiyo. Aliitwa kwa dakika ishirini za mwisho, mpira unapokuwa juu na mabeki wamechoka, na kwa mechi ambazo miguu ya wengine inatetemeka. Novemba 2009, mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya Costa Rica pale uwanja wa Centenario, bao la Uruguay katika sare ya 1-1 lilikuwa lake. Pamoja na ushindi wa 1-0 wa kule San José, likaipeleka timu Afrika Kusini. Alimaliza na mabao 26 katika mechi 70 za taifa, na medali ya Copa América ya 2011. Mchezaji anayebadilisha chumba cha kubadilishia nguo kila miezi sita hujifunza kusoma watu haraka: nani mkubwa hapa, nani mwoga, nani atakupa krosi na nani atajipigia. Siwezi kulithibitisha hilo kwa takwimu, ila naamini ndilo lililotembea naye kutoka mstari wa kati hadi mbele ya Kingson.

Anayeshikilia kwamba yote haya ni bahati aitazame Botafogo na Fluminense, Februari 2011. Abreu anapewa penati, anauchota mpira. Safari hii kipa amesoma magazeti, anasimama, anaudaka. Kwa mtu mwingine hapo ndipo maonyesho yanapofungwa. Baadaye katika mechi hiyohiyo Botafogo wanapata penati nyingine, na anayeutenga mpira ni yeye tena. Sasa mjiweke kwenye nafasi ya kipa. Amemwona Abreu akiaibika mbele ya uwanja mzima dakika chache zilizopita. Nani atarudia jambo lililomwaibisha? Kila mwenye akili timamu atapiga pembeni kwa nguvu zake zote, kwa hiyo kila kipa mwenye akili timamu ataruka. Kipa akaruka. Abreu akauchota palepale katikati, na Botafogo wakashinda 3-2.