Minara Miwili: Kanisa Kuu na Majirani Zake

Anayeingia Unguja kwa boti huiona minara ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu kabla hajashuka bandarini. Akishaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe, minara hiyo humpotea. Nyumba za mawe huiziba, njia hupinda, naye hana budi kuuliza. Mara nyingi anayemwelekeza ni Mwislamu.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863. Kanisa hili lilijengwa kati ya miaka 1893 na 1898, na leo ndilo kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Zanzibar. Ndani, kuta zimepambwa kwa picha za Agano la Kale, na vioo vya rangi vya madirishani vililetwa kutoka Ufaransa.

Wapo wanaosema kwamba jengo hili ni la kigeni. Tukubali kwamba hawakukosea. Sura yake ni ya makanisa ya Ufaransa, wala halifanani na nyumba za Pwani zinazolizunguka. Waliotuletea Injili walileta pia mapendeleo ya kwao, na si kila pendeleo lilikuwa sehemu ya Injili.

Lakini jengo likishasimama, huanza kuishi na watu. Wazungu walilijenga, mji ukalipa jina: Minara Miwili. Mzanzibari asikiapo neno mnara hukumbuka kwanza msikiti. Kwa neno hilo, watu wa Unguja walilipokea kanisa katika lugha yao na kulihesabu miongoni mwa alama za mji wao. Kwetu sisi, hilo ni pambo kubwa kuliko vioo vyote vya Ufaransa.

Ujirani huo umejaribiwa. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipofika kanisani Beit-el-Ras kuadhimisha Misa. Tuungame, ndugu zangu, kwamba baada ya msiba ule wengi wetu tulianza kumtazama kila jirani kwa jicho la shaka, kana kwamba mji mzima ulishika bunduki. Tukasahau ni nani aliyetuonyesha njia ya kwenda Misa siku ya kwanza tulipopotea vichochoroni.

Wajenzi walitaka kanisa lionekane kutoka mbali, nalo linaonekana. Kulifikia ni jambo jingine, kwa maana hapo mgeni humhitaji mwenyeji. Tunaona kwamba somo hili, ambalo pengine wajenzi hawakulikusudia, ndilo bora kuliko yote yaliyomo katika jengo lile.

Basi tukijaliwa kwenda kusali Minara Miwili, tusione haya kuuliza njia. Na tukishapiga magoti mbele ya tabenakulo, tumwombee aliyetuelekeza.