Sifa za Wapanga Barua

Mwanzoni mwa mwaka 1945 jeshi la Marekani lililokuwa Ulaya lilikuwa na watu wapatao 7,500 walioitwa Robert Smith. Mama wa mmoja wao aliandika jina hilo juu ya bahasha, akataja kuwa kijana yuko jeshini, akabandika stempu na kuipeleka posta. Wengine hawakuandika hata jina la ukoo. Zilikuwapo bahasha zilizoandikiwa "Junior, Jeshi la Marekani", na nyingine za "Buster" tu, kana kwamba vita vizima vilikuwa na Buster mmoja. Aliyeandika hivyo hakuwa mjinga. Moyoni mwake Buster alikuwa mmoja kweli.

Barua hizo zilirundikana Birmingham, Uingereza, katika maghala yaliyojaa magunia hadi juu. Inakadiriwa kuwa pamoja na vifurushi zilifika milioni 17. Vikosi vilihamahama kwa kufuata mapigano, barua zikawa zinafika askari ameshaondoka, na wapo waliokaa miezi mingi bila neno lolote kutoka nyumbani. Mwezi Februari kazi ya kuumaliza mrundikano huo ikakabidhiwa kikosi cha 6888: wanawake 855, karibu wote Wamarekani Weusi, waliopelekwa ng'ambo baada ya mtetezi wa haki za Weusi Mary McLeod Bethune na magazeti ya Weusi kudai kwamba nao wapewe kazi ya maana vitani. Kamanda wao, Meja Charity Adams, alikuwa na umri wa miaka 26. Alikuwa binti wa mchungaji, amekulia Columbia, South Carolina, na kabla ya kuvaa sare alifundisha hisabati.

Siku hizi wanawake hawa wanasifiwa kwa ushujaa wao na kwa ubaguzi waliouvumilia, na sifa hizo ni haki yao. Mimi nataka kukaa kwenye kazi yenyewe, maana ndani ya kazi ndimo ninamowaona vizuri zaidi.

Waliweka kadi. Kila Mmarekani aliyekuwa katika vita vya Ulaya, askari au raia anayetumika huko, alikuwa na kadi yake, na kadi zote zilikaribia milioni 7. Kadi ilibeba jina, namba ya jeshi na mahali mtu alipo. Akihamishwa, kadi inasahihishwa. Akihamishwa tena, inasahihishwa tena. Robert Smith huyu alitenganishwa na Robert Smith yule kwa namba. Bahasha isiyo na namba ilihitaji mtu wa kuitazama mara ya pili na ya tatu, akitafuta dalili yoyote ya kumpata mwenyewe. Na zilikuwapo barua za waliokwisha kufa. Hizo zilirudishwa kwa waliozituma, moja moja. Huwa namfikiria yule aliyezishika, akijua kwamba bahasha iliyo mkononi mwake itarudi kwenye mlango ilikotokea na kwamba nyuma ya mlango ule yuko mtu, kisha akachukua inayofuata.

Maghala hayakuwa na moto wa kupashia joto. Vioo vya madirisha vilitiwa giza ili ndege za adui zisione mwanga, hivyo mchana na usiku vilikuwa sawa. Wanawake walivaa suruali nzito na makoti juu ya nguo za ndani ndefu, wakafanya kazi wakizungukwa na panya waliofuata keki na biskuti zilizokuwa zikiozea ndani ya vifurushi vya zawadi. Zamu zilikuwa tatu, saa nane nane, siku saba za wiki. Kila zamu ilipitisha barua kama 65,000. Walikuwa wamepewa miezi sita; walimaliza kwa mitatu.

Hesabu hiyo inashangaza, lakini kinachonivuta zaidi ni kwamba haraka hiyo haikuruhusiwa kula uangalifu. Mtu anaweza kupitisha bahasha 65,000 upesi sana kama hajali zinakokwenda. Ustadi wa mpanga barua uko katika kwenda mbio na bado kusimama, kwa nukta moja, mbele ya kila jina. Jeshi lilimpa kijana namba ili limhesabu miongoni mwa maelfu. Wanawake hawa waliichukua namba ileile wakaitumia kumtoa ndani ya maelfu hayo na kumweka mbele ya barua ya mama yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kazi hii kwa sura yake ya kwetu. Barua zetu hazikuletwa nyumba kwa nyumba. Zilikwenda kwenye S.L.P. ya shule, ya misheni au ya duka, na juu ya bahasha tuliandika "kwa mkono wa" mwalimu au mwenye duka. Mwalimu mkuu alikuwa mpanga barua wa kijiji kizima. Alimjua Juma wa bondeni na Juma wa mlimani, na alijua mtoto gani wa kumpa barua ya nani. Katika miaka hiyohiyo ya 1944 na 1945 vijana wetu wa King's African Rifles walikuwa Burma, na huku nyumbani nako kulikuwa na akina mama waliongoja neno.

Kuna kisa ambacho Adams mwenyewe alikieleza katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1989. Jenerali mmoja alikuja kukagua kikosi, akakuta waliojipanga ni wachache. Wengine walikuwa kazini, wengine wamelala baada ya zamu ya usiku. Akakasirika, akasema ataleta luteni Mzungu aje amwonyeshe meja namna ya kuongoza. Adams akamjibu kuwa labda apite juu ya maiti yake. Palikuwa na tishio la mahakama ya kijeshi, kisha jenerali akaliacha lipite. Wengi hukisimulia kisa hiki kama kisa cha rangi, nacho ni cha rangi kweli. Mimi nasikia pia sauti ya fundi. Alijua wale waliolala wamelala kwa nini, alijua kila zamu imetoa nini, na asingekubali mtu asiyeijua kazi aje kuifundisha.

Kutoka Birmingham walipelekwa Rouen, Ufaransa, kwenye mrundikano mwingine. Huko, mwezi Julai 1945, wenzao watatu, Mary Bankston, Mary Barlow na Dolores Browne, walikufa kwa ajali ya gari. Wizara ya Vita haikutoa fedha za mazishi, basi wakachanga wenyewe, na miongoni mwao wakapatikana waliowahi kufanya kazi ya kuandaa maiti, wakawaandaa wenzao. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa maana ya mchango wa msiba. Watatu hao wamelala katika makaburi ya Wamarekani kule Normandy, mahali palipozikwa wanaume zaidi ya 9,000 na wanawake wanne tu.

Mwaka 1946 kikosi kilirudi nyumbani na kuvunjwa huko Fort Dix, New Jersey. Hapakuwa na gwaride. Wanawake walikwenda zao: waliosoma walisoma, waliolewa, walilea, wakawa bibi. Zipo familia ambazo wajukuu walikua bila kujua habari za Birmingham, wakimjua bibi kama mtu wa kanisani na wa kamati za mtaa.

Na huko kwenye kamati ndiko ninakoiona kazi ikiendelea. Wakati wa vita Msalaba Mwekundu ulifungua hoteli ya peke yake London kwa ajili ya wanawake Weusi, ili wasilale pamoja na wenzao Wazungu. Adams aliwaomba askari wake wasiikanyage, nao hawakuikanyaga. Miaka mingi baadaye, akiishi Dayton, Ohio, akiwa mke wa daktari na mama wa watoto wawili, aliingia kwenye bodi ya Msalaba Mwekundu na kuutumikia. Sioni kwamba alikuwa amesahau. Naona kwamba alikuwa mtu wa kwenda pale penye mrundikano. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha Dayton mpango wa kuwaandaa Weusi kwa uongozi, ili watu wenye uwezo ambao mji haukuwaona wafundishwe na kuingia katika bodi na kamati za mji huo. Mtu yupo, nafasi yake ipo, na havijakutana: hiyo ilikuwa hali ya barua za Birmingham, na mwalimu yule wa hisabati alikuwa amekwisha kujifunza kwamba haitatuliwi kwa hotuba. Inatatuliwa kwa kumtafuta mtu, jina kwa jina. Mwenzake Millie Dunn Veasey naye alirudi Raleigh, North Carolina, akasoma, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza tawi la NAACP la mji huo, chama cha kudai haki za Weusi.

Adams alifariki Januari 2002. Machi 2022 ilisainiwa sheria ya kukipa kikosi kizima Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani, baada ya binti wa askari mmoja wa Milwaukee kumwendea mbunge wake, Gwen Moore, na kumweleza mama yake alifanya nini. Medali yenyewe ilitolewa Aprili 2025. Kati ya wale 855, waliojulikana kuwa bado hai walikuwa wawili.

Namfikiria sana binti yule, kwa sababu alikuwa na habari ya kupeleka. Kwetu, msibani, wasifu wa marehemu husomwa upesi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliolewa, aliugua, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Mara nyingi ugonjwa hupewa aya nzima na kazi hupewa sentensi. Alifanya kazi posta. Alikuwa muuguzi. Alikuwa mkunga. Alijitolea katika kikundi cha akina mama. Miaka arobaini ya ustadi inapita kabla waombolezaji hawajakaa sawa kwenye mikeka.

Kama bibi yako yu hai, kaa naye umuulize kazi yake ilifanywaje. Alianza na nini alfajiri, alishika nini kwanza, nani alimfundisha, alijuaje kwamba sasa imekaa sawa, ni jambo gani ambalo asingekubali lifanywe ovyo. Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, utaje tarehe na mahali, na umsomee akusahihishe. Usingoje apewe medali.