‘Kwa’ na ‘Katika’: Sarufi ya Shukrani katika Sala ya Kikristo, kwa Mtazamo wa Mbau, Cabo Delgado

Utangulizi

Mafundisho kuhusu shukrani katika ibada ya Kikristo kwa kawaida huachiwa wanateolojia. Makala haya yanadai kwamba suala hilo ni la kisarufi pia, na kwamba kihusishi kimoja kinaweza kumfariji au kumjeruhi mwenye kusali. Dai hilo linapimwa kwa kuitazama Mbau, makao ya tarafa katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Huko Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, hukutana na Kimakonde na Kireno, na Wakristo huishi pamoja na Waislamu walio wengi pwani. Vita vilivyoanza mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliwafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado. Mbau yenyewe ilikuwa miongoni mwa ngome za wapiganaji hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoingia mwaka 2021. Huko bara, misheni ya Nangololo, iliyoanzishwa mwaka 1924 miongoni mwa Wamakonde, iliharibiwa mwaka 2020. Je, muumini aliyepoteza nyumba na ndugu anaambiwa ashukuru nini?

Kihusishi na Uzito Wake

Andiko linalotajwa sana katika mafundisho haya ni 1 Wathesalonike 5:18. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 huunganisha kitenzi cha kushukuru na jambo linalotajwa kwa kihusishi ‘kwa’. Biblia Habari Njema hutumia ‘katika’. Matini ya Kiyunani ina kihusishi en, ambacho maana yake ya msingi ni ‘katika’, na tafsiri ya Kireno ya Almeida hufuata njia hiyohiyo. Hivyo, muumini wa Msumbiji anayesoma Kireno na Kiswahili anaweza kukutana na mafundisho mawili katika aya moja.

Katika Kiswahili, ‘kwa’ ikifuata kitenzi ‘kushukuru’ hudokeza sababu. Anayemshukuru jirani kwa samaki amekwisha kukiri kuwa samaki ni zawadi. Kwa mantiki hiyo, anayeambiwa ashukuru kwa kila jambo anaweza kuelewa kwamba hata moto uliounguza kijiji ni zawadi ya Mungu. ‘Katika’ haidai hivyo. Huonesha mahali au hali anamosimama mwenye kushukuru, bila kuibariki hali hiyo.

Inaweza kupingwa kwamba ‘kwa’ ina matumizi mengi, yakiwamo ya namna na hali, na kwamba msikilizaji makini hapotei. Inaweza pia kuelezwa kwamba Waefeso 5:20 hutumia kihusishi cha Kiyunani huper, ambacho kweli hukaribia ‘kwa ajili ya’. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, aya inayotangulia katika Waefeso inawaalika waumini kwenye zaburi, na kitabu cha Zaburi kimejaa maombolezo. Zaburi ya 13 huanza na malalamiko ndipo ifike kwenye wimbo. Zaburi ya 88 huishia gizani bila neno la shukrani. Anayetumwa kushukuru kwa zaburi ametumwa pia kulia.

Usiku na Mkate

Mfano ulio wazi zaidi umo katika 1 Wakorintho 11:23–24. Yesu alishukuru katika usiku wa kusalitiwa, lakini alichokishukuria ni mkate. Usaliti haukugeuzwa kuwa zawadi. Ibada ambayo Wakatoliki huiita Ekaristi, neno la Kiyunani lenye maana ya shukrani, imejengwa juu ya tofauti hiyo. Vilevile, katika Yohana 11 machozi yanatangulia shukrani kwa Baba.

Msamiati wa pwani unaunga mkono usomaji huu. ‘Asante’ hutokana na Kiarabu ahsanta, yaani ‘umetenda vyema’: ni sifa kwa aliyetenda wema. Kireno obrigado huonesha mtu aliyefungwa na wajibu kwa fadhila aliyopewa. Maneno yote mawili yanahitaji wema uliotendwa. Methali isemayo kwamba asante ya punda ni mateke humlaumu aliyetendewa hisani akailipa kwa ubaya. Haimlaumu aliyeumizwa akanyamaza.

Hitimisho

Kukuza shukrani si kumfundisha mtu kuyaita maovu mema. Ni kumzoeza kuutambua wema uliobaki: mtumbwi uliovusha watoto, jirani Mwislamu aliyefungua mlango, unga uliogawanywa kambini. Inapendekezwa kwamba wahubiri na watunzi wa sala wataje waziwazi kinachoshukuriwa, watumie ‘katika’ wanapozungumzia msiba, na waache nafasi ya maombolezo kabla ya wimbo wa shukrani. Wafasiri nao wanapaswa kukumbuka kwamba kihusishi kifupi hubebwa midomoni mwa watu wenye majeraha marefu. Mjane wa Mbau anayesali usiku ana haki ya kumshukuru Mungu kwa mkate bila kulazimishwa kuushukuru usiku wenyewe.