Rangi Haitaki Haraka

Katika aina zote za upigaji picha zilizowahi kupelekwa vitani, hakuna ninayoiheshimu kuliko ile ya vioo vya rangi vya Lumière. Ilikuwa kazi nzito, ya gharama kubwa, na kosa dogo liliiharibu yote. Haikuweza kumnasa askari anayekimbia wala kombora linalopasuka. Lakini ndiyo iliyotuachia sura za askari wa Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na damu mashavuni na vumbi la njano kwenye viatu. Nadai kwamba ule upolepole wake, ambao wengi waliuhesabu kuwa udhaifu, ndio uliotufaa zaidi.

Auguste na Louis Lumière, ndugu waliofanya kazi Lyon nchini Ufaransa, wanajulikana zaidi kwa sinema. Kwa maoni yangu, uvumbuzi wao walioupatia hataza mwaka 1903 na kuanza kuuuza mwaka 1907 unastahili sifa sawa na hiyo. Malighafi yake ilikuwa wanga wa viazi. Waliuchekecha mpaka zikabaki chembe ndogo mno, kiasi cha elfu 7 kuenea katika milimita moja ya mraba. Wakaugawa mafungu matatu na kuyatia rangi: moja nyekundu inayoelekea chungwa, moja kijani, moja buluu inayoelekea zambarau. Mafungu hayo yakachanganywa, yakanyunyizwa juu ya kioo chenye gundi, tabaka moja tu, chembe kando ya chembe. Mianya iliyobaki ikazibwa kwa masizi. Kioo kikagandamizwa kwa mashine, kikapakwa vanishi, na mwisho kikapakwa dawa ya fedha inayoshika mwanga.

Ndani ya kamera kioo hicho kilitiwa kinyumenyume, mgongo wake ukielekea lenzi, ili mwanga upite kwanza kwenye chembe za wanga ndipo uifikie dawa. Mwanga uliotoka kwenye kitambaa chekundu ulipenya chembe nyekundu na kuzuiwa na zile nyingine. Picha iliposafishwa na kugeuzwa kwa kemikali, palipopigwa na mwanga pakawa peupe, palipokosa mwanga pakawa peusi. Ukikiinua kioo hicho dirishani, mwanga wa leo unapita kwenye chembe zilezile na rangi ya siku ile inarudi. Jicho halioni chembe moja moja. Ni kama kuusimamia mbali mkeka wa ukili uliotiwa rangi: unaona nakshi, huoni miyaa.

Wanga ule ulikunywa mwanga mwingi. Mbele ya lenzi iliwekwa pia kioo cha manjano cha kusawazisha rangi, nacho kikapunguza mwanga zaidi. Picha ya kawaida ya nyeupe na nyeusi ilitosheka na kipande kidogo cha sekunde, lakini kioo cha rangi kilidai sekunde nzima au zaidi hata juani, na penye kivuli kiliongeza. Kamera ililazimika kusimama juu ya miguu mitatu. Hapakuwa na negativu ya kutolea nakala, kwa hiyo kila picha ilikuwa ya pekee, na kioo kikivunjika njiani habari yake imekwisha.

Ndicho chombo ambacho watu walikibeba kwenda kwenye medani za vita. Jules Gervais-Courtellemont, Mfaransa aliyelelewa Algeria, akasilimu na kufika Makka mwaka 1894, alikuwa tayari bingwa wa picha za rangi za nchi za Mashariki vita vilipozuka. Alikwenda kwenye mashamba ya Marne, palipopiganwa Septemba 1914, akapiga picha za vijiji vilivyobomolewa na ardhi iliyochimbuliwa na mizinga, na mwaka 1915 zikaanza kuchapishwa. Mwaka huohuo jeshi la Ufaransa lilianzisha kitengo chake cha picha, ambacho mwaka 1917 kiliwatuma Paul Castelnau na Fernand Cuville pande za Reims, Soissons na kwingineko wakiwa na vioo vya rangi. Kazi yao ilishikamana na ya Albert Kahn, tajiri wa benki aliyekuwa akigharimia hazina ya picha za dunia nzima, ambayo mwishowe ilifikia vioo vya rangi 72,000 hivi.

Anayetafuta mapigano katika picha hizo hatayaona. Ataona askari waliokaa kitako wakila, jiko la jeshi likifuka moshi, nguo zilizoanikwa, mlango wa handaki, mzinga uliofunikwa matawi. Ataona kanisa kuu la Reims, lililoungua kwa makombora Septemba 1914, na jiwe lake lililobadilika rangi kwa moto. Katika picha mojawapo ya Reims ya mwaka 1917, mtoto wa kike anacheza na mwanasesere wake karibu na bunduki na shanta la askari. Vita vimekuwa sehemu ya nyumba yake, na yeye hashangai tena.

Ataona pia jambo ambalo picha za kawaida haziwezi kulisema. Askari wa miguu wa Ufaransa aliingia vitani mwaka 1914 amevaa suruali nyekundu inayoonekana kutoka mbali. Mwaka 1915 akaanza kuvikwa sare ya buluu iliyopauka, rangi ya mbingu inapokutana na ardhi. Picha nyingi za enzi ile ziliifanya nyekundu kuwa giza na buluu kuwa weupe, basi jicho letu likazoea kuvidhania vita vile kuwa vilipiganwa katika nchi ya majivu. Vioo vya wanga vinatukumbusha kwamba nyasi zilikuwa kijani na jua liliwaka juu ya makaburi mapya.

Hapo ndipo ninapouona utukufu wa ufundi huu. Mpiga picha hakuweza kumwibia askari sura yake. Ilibidi amwendee, amwombe, ampange penye mwanga, kisha amwambie atulie. Aliyekuwa akiamrishwa mchana na usiku sasa alikuwa akishirikiana na mtu katika kazi ya subira, na asipokubali picha haipatikani. Aliyegeuza kichwa anaonekana leo kama ukungu. Aliyevumilia anatutazama usoni. Kwa muda mfupi ule hakuwa mpiganaji. Alikuwa mtu aliyekubali kuonwa.

Haifai kuficha kwamba picha hizi zilikuwa na mabwana wake. Kitengo cha jeshi kilikusudia kuwatia wananchi moyo na kuyashawishi mataifa mengine, na maiti wa upande wao hawakuwa jambo la kutangazwa. Kuna matukio yaliyopangwa, na askari aliyetulizwa mbele ya kamera hutoa sura ya amani kuliko hali yake ilivyokuwa. Tuzitazame tukijua hivyo. Lakini serikali iliweza kumwamuru mpiga picha asimame wapi. Haikuweza kuondoa uchovu kwenye macho ya kijana aliyekaa mbele ya lenzi.

Waingereza nao walikuwa na njia yao, ya vioo vya Paget, iliyotenganisha kioo cha rangi na cha picha ili nakala ziweze kutolewa. Mwaustralia Frank Hurley aliitumia Palestina mapema mwaka 1918, miongoni mwa askari wapanda farasi wa nchi yake. Katika picha yake mojawapo, askari ameinama kondeni anachuma maua mekundu. Iondoe rangi picha hiyo na utabaki na mtu aliyeinama tu.

Askari wa Kiafrika wamo pia. Juni 1917, huko Saint-Ulrich katika jimbo la Haut-Rhin, Castelnau aliwapiga picha askari waliojulikana kama Wasenegali, jina lililowakusanya vijana waliotoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi. Ngozi zao zimeshikwa na mwanga uleule ulioshika sare zao na ardhi waliyokalia. Hakuna aliyewachagulia rangi.

Nasisitiza hilo kwa sababu huku kwetu Afrika Mashariki vita hivyohivyo vilipiganwa hadi Novemba 1918, na picha tunazozijua sana za askari wake, kama zile za Mjerumani Walther Dobbertin, ni nyeupe na nyeusi. Siku hizi kompyuta inazipaka rangi picha za namna hiyo kwa dakika chache, na watu wanazisambaza wakidhani wanaona ukweli. Rangi hiyo ni ubashiri. Mashine imekisia ngozi ya mtu, kitambaa chake na udongo wa kwao, na mara nyingi haituambii kwamba imekisia. Chembe za wanga hazikukisia kitu. Ziliguswa na mwanga uliotoka kwa mtu yule, siku ile, mahali pale.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa picha ya rangi ya askari wa zamani, uliza kwanza rangi hiyo imetoka wapi. Ikiwa imepakwa leo, idai picha ya awali ioneshwe kando yake. Na wewe mwenye picha kuukuu ya babu aliyekuwa askari au mpagazi, usimpe mtu aipake rangi kabla hujaandika nyuma yake kwa penseli jina lake, kijiji chake na mwaka. Majina hayo mashine haiwezi kuyabashiri.