Farming Simulator haijui muhogo

Kila mara nikisema kwamba mimi, agronomo mwenye lisansi, ninacheza Farming Simulator, watu wanacheka. «Shamba ya kweli haikutoshi?» Wanafikiri ni kale kamchezo ka watoto ka kupanda karoti na kukimbiza kuku. Hapana. Huu ni mchezo mzito, wa kampuni ya Uswisi inayoitwa GIANTS Software. Ulianza 2008, na toleo la 22, lililotoka Novemba 2021, liliuzwa nakala milioni 1.5 katika wiki ya kwanza peke yake. Kumekuwa hata na ligi, watu wakishindana kufunga majani na kupakia marobota mbele ya watazamaji. Nimecheza toleo la simu, nimecheza la 22 ku ordinateri, masaa mengi kuliko ninayoweza kutaja mbele ya wazazi. Basi ninachoandika hapa si dharau ya mtu asiyekijua kitu. Ninaupenda huu mchezo, na kuna kitu ndani yake kinanikasirisha.

Nianze na sifa, sababu zipo. Mchezo unajua mpangilio wa kazi. Usipolima upya baada ya viazi, mavuno yanapungua. Usipotia chokaa baada ya mavuno kadhaa, yanapungua tena. Magugu ukiyaacha, yanakula sehemu yako. Ukipanda figili ya kufunika udongo na kuigeuza ndani, unahesabiwa kama umetia mbolea mara moja. Halafu kuna nyongeza ya bure, Precision Farming, iliyotengenezwa pamoja na John Deere kwa msaada wa fedha za EIT Food ya Ulaya: hiyo inakulazimisha kuchukua sampuli za udongo kwanza, ndipo uone ramani ya pH na ya azoti. Wangapi kati yetu tulijifunza pH ku ubao, bila kuona hata mara moja jinsi inavyobadilika kutoka kona moja ya shamba mpaka kona nyingine? Kwa hilo, mchezo unafundisha vizuri.

Na daftari la pesa! Mafuta, mishahara, matengenezo ya mashine, riba ya deni, mauzo, yote yanaandikwa. Ukinunua trekta kubwa kwa kiburi, daftari linakusema kabla ya jirani. Mimi ningependa kila mradi wa kilimo unaopita Kivu na magari yake meupe uwe na ukurasa mmoja wa wazi kama huo.

Kuupata sasa njo vita ingine. Toleo la 22 linaomba nafasi ya giga 35 ku diski. Wewe mwenye forfe ya mega, inayokufa saa sita ya usiku hata kama hukuimaliza, jua kwamba utashusha mchezo kwa wiki mbili, na umeme ukikatika ku asilimia 80 unaanza kuomba Mungu faili isiharibike. Unataka kulipa kwa haki? Duka linataka kadi ya benki, na pesa yako iko mu simu, haina mlango wa kuingilia. Ukishaupata, unakuta trekta nzuri zaidi zimewekwa pembeni, zinauzwa kivyake. Mwishoni wengi wanachukua nakala ya flash disk kwa kijana wa sekretaria, na pamoja na mchezo wanachukua virusi. Ningeandika ukurasa mzima juu ya haya, lakini kila mtu hapa anayajua tayari.

Turudi ndani ya shamba.

Mama mdogo wangu analima Kabare. Siku moja alikaa pembeni yangu nikivuna ngano ku ekrani. Aliangalia kimya, halafu akauliza: «Sasa batu beko wapi?» Nikamwonyesha: unabonyeza H, mfanyakazi anaingia ndani ya mashine, anavuna mpaka mwisho wa shamba, unamlipa kwa saa. «Anakulaka wapi?» Nikamwambia, mama, huyu hali. «Na akigonjwa?» Hagonjwi. Akasimama kwenda kuangalia sombe yake ku moto, na mimi nikabaki na ekrani yenye hekta nzima za ngano na hakuna mtu hata mmoja anayeinama.

Hiyo haikutokea kwa bahati. Toleo la 25, la Novemba 2024, lina mashine zaidi ya 400 kutoka kampuni zaidi ya 150, na kila moja ina alama ya mwenyewe ubavuni. John Deere ilipoingia kwa mara ya kwanza katika toleo la 19, wachezaji walifurahi kama timu yao imenunua mshambuliaji. Kinachoingia mu mchezo huu ni kile chenye kampuni nyuma yake. Jembe la mama mdogo halina kampuni ya kusaini mkataba, na mgongo wake pia hauna. Kwa hiyo kilimo kimekuwa hadithi ya mashine: swali ni moja tu, nimalize kazi na chombo gani, kwa haraka gani.

Angalieni muhogo, mmea ambao ungevunja mchezo wote. Katika Farming Simulator mazao ya shambani yana saa moja: yanapandwa, yanakomaa, usipovuna kwa wakati yanakauka. Ukishavuna, nafaka inaingia ghalani na haiozi milele, unangoja tu bei ipande. Muhogo unafanya kinyume chake kabisa. Ukishakomaa unaweza kukaa ndani ya udongo miezi mingine, na mwenye shamba anachimba shina moja leo, mawili Jumamosi, mistari mizima siku shule inarudisha watoto nyumbani sababu ya minervali. Udongo njo ghala, udongo njo benki. Lakini mizizi ikitoka tu chini, inaanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Na kabla ya yote hayo majani yamekwisha kuchumwa na kuuzwa kama sombe, na ukichuma kwa pupa, mizizi inabaki midogo. Mwanamke mwenye shamba ya muhogo anafanya kila wiki hesabu ya majani, mizizi, bei ya soko, deni na tumbo za watu. Hakuna kifungo cha hesabu hiyo ku ekrani. Ukiuweka muhogo katika mchezo huu jinsi ulivyo, utapata kiazi chenye majani marefu, basi.

Na ndizi je? Mgomba hauna siku ya kupandwa na siku ya kuvunwa shamba zima. Mu shina moja kuna mama, mtoto na mjukuu, kila mmoja na umri wake, na chini yao kuna maharagi, pembeni kuna kolokazi. Ardhi ya mchezo inakubali mmea mmoja tu mahali pamoja. Zabibu na mizeituni viliingia katika toleo la 22, ni kweli, na vinabaki mwaka hadi mwaka, lakini katika mistari yao iliyonyooka, kila kitu peke yake. Shamba la Bushi lenye mimea mitano ndani ya hatua tatu, programu hii haina namna ya kulichora.

Halafu ugonjwa. Katika toleo la 25 wameleta mvua ya mawe na kimbunga kinachong'oa mazao, na usipotaka unakizima. Maafa ya kupiga picha. Ugonjwa wa mimea haumo. Lakini waliosoma fitopatolojia wanajua kilichotokea kwetu. Mnyauko bakteria wa migomba ulionekana katika nchi yetu 2001, kule Masisi, halafu ukateremka kusini kilima kwa kilima. Unaenezwa na wadudu wanaotembelea ua la dume, na unaenezwa na mupanga: mtu anakata mgomba mgonjwa, anavuka na kukata mzima, kwisha. Katika mchezo chombo njo shujaa kila siku, kinaosha, kinang'aa, kinaongeza mavuno. Kwetu chombo kinaweza kuwa ndicho kinachobeba kifo kutoka shamba moja mpaka lingine, na dawa yake haina injini: kuvunja lile ua kwa kijiti chenye panda, kupitisha mupanga ku moto, kuondoa shina gonjwa mapema. Na muhogo vilevile. Mozaiki inasafiri na nzi weupe, lakini inasafiri zaidi na vipande vya miti ambavyo jirani anampa jirani kwa moyo mwema. Zawadi inaleta ugonjwa. Ni mchezo gani wa video una jambo zito kama hilo? Mimi ningelicheza usiku kucha.

Ardhi nayo wameirahisisha mpaka inachekesha. Unafungua ramani, unagusa kiwanja, unalipa, ni chako. Hakuna mwami, hakuna baba mkubwa aliyekufa bila kuandika kitu, hakuna mpaka uliosogezwa usiku. Kwetu sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na chini ya sheria hiyo watu wa Bushi wameendelea na kalinzi, anayetoa ng'ombe kwa chifu na kupata haki ya kudumu, na bwasa, anayekodi kwa muda mfupi. Hii si habari ya wanasheria peke yao. Mtu wa bwasa hapandi migomba wala miti, sababu mwenye ardhi hatamruhusu, ataogopa isiwe madai. Atapanda maharagi na atakimbia na mavuno. Ataweka wapi mbolea ya miaka mitatu katika shamba ambalo mwakani litakuwa la mwingine? Aina ya mkataba inaamua aina ya mmea, na hata afya ya udongo. Mchezo unaotenganisha haya mawili umeacha nje nusu ya agronomia.

Sasa mtaniambia: bwana, unawadai Waswisi shamba la Kabare? Siwadai. Walitengeneza mashamba wanayoyajua, na wanazidi kutembea. Toleo la 25 lina ramani ya Asia, na mpunga unaopandwa ndani ya maji, kitu ambacho zamani hakikuwezekana. Wakitaka wanaweza.

Lawama yangu kubwa inakuja nyumbani. Sababu ule mchezo unatupendeza sisi waagronomo, na unatupendeza hivi: shamba lake ni lile la silabusi zetu. Mmea mmoja, mistari iliyonyooka, tani kwa hekta, mwisho. Hiyo ni mirathi ya zamani. INEAC ilianzishwa 1933 na wakoloni, na kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya kahawa, michikichi na kinini, na stesheni zake za majaribio, Yangambi, Mulungu, zilifanya kazi kubwa ambayo siidharau. Lakini tuliendelea kufundishwa kwa kipimo kile kile. Kijana anamaliza lisansi, anafika kilimani ku shamba lisilofika hata nusu hekta, anaona muhogo, maharagi, ndizi na mahindi vimechanganyika, na neno la kwanza linalomtoka ni «fujo». Anamwambia mama wa watu apange mistari. Hajauliza ardhi ni ya nani, hajauliza nani atachuma sombe. Farming Simulator haikumfundisha vibaya huyo kijana. Alifika ameshafundishwa, mchezo umempa tu picha nzuri zaidi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema tuache michezo ya wazungu tushike jembe. Jembe tunalo. Tunachokosa ni mfano, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kukosea na muhogo miaka kumi kwa jioni moja bila kumlaza mtu njaa. GIANTS wanatoa bure programu ya kutengenezea ramani, GIANTS Editor, na mods zinaandikwa kwa lugha ya Lua. Ku simu mods haziingii, ni ku ordinateri na konsoli, hiyo ni shida kwetu. Na lile sharti la mmea mmoja mahali pamoja liko ndani sana ya programu, sidhani mod itaivunja. Labda ni bora kamchezo kadogo ka kwetu, ka simu, kasichohitaji intaneti, ka nusu hekta tu ku mteremko: msimu A kuanzia Septemba, msimu B kuanzia Februari, mupanga unaochafuka, jirani anayeleta miti ya muhogo usiyojua ilitoka wapi, na mkataba wa bwasa unaomalizika kabla ya udongo kukulipa.

Nimeshaanza jedwali la muhogo, miezi 18, mwezi kwa mwezi. Nimekwama ku mstari wa sombe: shina moja linavumilia kuchumwa mara ngapi kabla mizizi haijaanza kupungua sana? Namba za vitabu zinategemea aina ya muhogo na nafasi kati ya mashina. Mama mdogo yeye alinijibu kwamba inategemea wageni. Mwenye vipimo vya shambani katika memwari yake, na mwenye kujua Lua au lugha ingine yoyote ya kuandikia programu za simu, tuonane.