Mwindaji au Mrubuni: Juu ya Lugha ya Hofu

Tangu mwaka 2004 hata 2007, shirika la televisheni la NBC la Marekani lilionyesha vipindi vilivyoitwa "To Catch a Predator", vikiongozwa na Chris Hansen. Watu wazima wa kikundi cha kujitolea walijifanya watoto katika intaneti. Wanaume wakaja kwenye nyumba walikoalikwa, wakakuta kamera. Hatuwezi kukana kwamba uovu uliofichuliwa ulikuwa wa kweli. Lakini katika mtego uliotegwa Murphy, Texas, Novemba 2006, mtuhumiwa mmoja alijiua polisi walipoingia kwake, na mwaka uliofuata mwendesha mashtaka wa wilaya alikataa kuzipeleka mahakamani kesi za wale walionaswa katika mji huo. Yafaa basi tuulize: wazazi walifundishwa kulinda, au kuogopa tu?

Kwanza, hesabu. Mwaka 2006 ilitangazwa, hata na Alberto Gonzales aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, kwamba wakati wowote wawindaji 50,000 wamo katika intaneti. Waandishi wa habari waliotafuta asili ya hesabu hiyo hawakuiona. Tena hesabu iyo hiyo ilikwisha kutumika katika miaka ya 1980 kwa hofu nyingine, ya watoto kuibwa na wageni. Hiyo si takwimu; ni ngano iliyovikwa tarakimu.

Pili, neno lenyewe. "Predator" kwa Kiingereza ni mnyama alaye wanyama wengine. Wako wanaolifasiri "mwindaji", nayo ni tafsiri mbovu, maana kwetu uwindaji ni kazi yenye sifa. Zaidi ya hayo, mwindaji hunyemelea, na windo halimjui. Utafiti wasema vingine. Mwaka 2008 Janis Wolak, David Finkelhor na wenzao walieleza katika jarida la American Psychologist kwamba wakosaji wengi hawakuficha utu uzima wao. Waliojidai kuwa vijana walikuwa 5 tu katika 100. Walioathirika walikuwa hasa wa miaka 13 hata 17, nao walivutwa kwa maneno ya mapenzi hata wakaenda kwa miguu yao. Jambo hilo halimpunguzii mtu mzima hatia yake hata chembe. Kiswahili kinalo neno lake tayari: kurubuni. Mrubuni hahitaji kujificha, ahitaji kuaminiwa.

Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya ulinzi. Amwogopaye mwindaji hufunga mlango na kunyang'anya simu. Amjuaye mrubuni huzungumza na mwanawe mapema, bila haya, juu ya mapenzi na hila zake. Siku hizi wako wahalifu wanaowatisha vijana, wavulana wakiwamo, kwa picha zao za uchi ili wapewe fedha. Kijana ajuaye kwamba akisema atapigwa, hatasema. Na kimya hicho ndicho mtaji wa mhalifu.

Tena, hofu ya mgeni humsahaulisha mzazi yule aliye karibu, ndugu, jirani au mwalimu, ilhali wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaojulikana nao. Wahenga walikwisha sema: kikulacho ki nguoni mwako. Twawasihi wahariri wetu wamwache mwindaji porini, nao waandike "mrubuni".