Jua la Mchana, Jalidi ya Usiku

Maca, kiazi cha milima ya Andes, ikishang'olewa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mkulima wa Junín, kwenye nyanda za juu katikati ya Peru, haikimbizi sokoni wala haiingizi ghalani. Huitandaza papo hapo shambani, majani yakiwa bado yameshikana na kiazi, kisha huisubiri. Ni Juni au Julai, kiangazi cha huko. Mchana jua huchoma ngozi, maana hewa ni nyembamba na mawingu ni machache. Usiku joto hushuka chini ya sifuri, jalidi hutanda, na maji yaliyomo ndani ya kiazi huganda. Asubuhi yanayeyuka. Usiku yanaganda tena. Hali huendelea hivyo mwezi mmoja, miwili, pengine mitatu.

Mpita njia ataona viazi vimetupwa chini, basi. Mwenye shamba yuko kazini. Huvigeuza ili upande uliolalia udongo nao upate jua. Huvikagua, akavitoa vilivyoanza kuoza. Jicho lake haliondoki angani, kwa sababu mvua au theluji ikija bila kutarajiwa ni lazima kukusanya na kufunika haraka. Baridi anaitaka, asichokitaka ni maji. Kiazi kilichotoka ardhini kimejaa maji, upana wake sentimita mbili hadi tano hivi, kigumu na chenye kung'aa. Mwisho wa safari kimenywea na kukunjamana, nacho kinaweza kukaa ghalani miaka.

Harufu nayo imegeuka, na hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Maca ni ndugu wa kabichi, haradali na figili, na ukiitafuna mbichi undugu huo unausikia puani. Ikishakauka kwa mtindo wa Junín, ukali umepungua na umeingia utamu fulani mzito wa sukari iliyoungua kidogo. Kuna kitu kimetokea humo ndani zaidi ya maji kuondoka.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha katika jarida la Phytochemistry maelezo ya kitu hicho. Ndani ya kiazi kibichi, viambato vya ukali vinavyoitwa glukosinoleti vimetengwa mbali na vimeng'enya vinavyovivunja. Maji yanapoganda na kuyeyuka hupasua kuta za chembe hai, na vilivyotengwa vinakutana. Glukosinoleti zinavunjika na kuacha benzilamini. Mafuta ya kiazi nayo yanavunjika na kuachia asidi zake. Polepole, siku baada ya siku, viwili hivi vinaungana na kuwa makamaidi, ile jamii ya kemikali ambayo wauzaji wa maca duniani kote huitaja kama alama ya ubora. Kwenye kiazi kibichi karibu hazimo. Hazikuoteshwa shambani, zimetengenezwa kwa kuanika.

Msomaji aliyekulia penye mihogo michungu hatashangaa sana. Bibi aliyeilowesha, akaivundika na kuianika ikawa makopa hakuwa akikausha chakula tu. Alikuwa anaitoa sumu, na alijua kazi imekamilika bila kupima chochote maabara. Watu wa milima ya Andes wana mkono wa namna hiyo kwa baridi. Ndio hao hao wanaogandisha viazi mviringo usiku na kuvikamua kwa miguu mchana hadi vikawa chuño, akiba ya miaka.

Kilimo chenyewe nacho kina subira yake. Mashamba yako kuzunguka ziwa Chinchaycocha, ambalo pia huitwa Ziwa Junín, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mawe, upepo na jalidi huua mazao mengi huko; maca hulaza majani yake chini kabisa, ikakubali kukaa miezi saba hadi tisa. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga au samadi ili mkono usizimwage fungu moja. Zikishatupwa, tawi la mti huburutwa juu yake, au kundi la kondoo hupitishwa lizikanyagie udongoni.

Na mbegu hizo hazikupatikana kwa msimu mmoja. Wakati wa mavuno mkulima hutenga viazi vizuri kuliko vyote, vile ambavyo mwenye haraka angeviuza kwanza, na kuvipanda upya mahali penye samadi ya kutosha. Huko vinachipua, vinatoa maua, na miezi kadhaa baadaye vinatoa mbegu. Shamba lililotoa maca huchoka. Wazee walikuwa wakiliacha lipumzike miaka kadhaa kabla ya kulirudia.

Kwa mlaji wa huko, maca ni chakula kwanza. Padri Bernabé Cobo aliandika mwaka 1653 kwamba watu wa Chinchaycocha waliitumia kama mkate mahali ambapo nafaka haziwezi kukua. Iliyokauka huloweshwa usiku kucha, ikachemshwa taratibu hadi ilainike, kisha ikaliwa na maziwa au ikapondwa kuwa uji mzito. Mbichi huokwa kwenye tanuri la udongo wakati wa mavuno. Kuila bila kupikwa si desturi yao, na wenyeji huonya kabisa dhidi ya kufanya hivyo. Uzito wa maca kavu ni wanga takriban asilimia 59 na protini kama asilimia 10, ambayo kwa kiazi ni nyingi.

Sifa iliyoivusha bahari ni nyingine. Cobo mwenyewe aliandika kwamba husaidia uzazi, na wafugaji wa nyanda zile wameilisha mifugo yao kwa imani hiyo hiyo. Ndiyo maana leo unaiona Nairobi ndani ya vidonge vya nguvu za kiume, vikopo vya unga na matangazo yasiyo na haya. Utafiti unasema kwa sauti ndogo zaidi. Mwaka 2002 kundi la Gustavo Gonzales, wa Chuo Kikuu cha Cayetano Heredia mjini Lima, liliwapa wanaume wenye afya gramu 1.5 au 3 kwa siku kwa wiki 12. Hamu yao ya tendo la ndoa iliongezeka kuliko ya waliopewa kidonge bandia. Homoni ya testosteroni haikubadilika. Maca nyeusi imeonyesha matokeo kwenye mbegu za kiume za panya, na nyekundu kwenye tezi dume za panya. Panya, nasisitiza. Kwa binadamu majaribio bado ni machache na madogo, na anayekuahidi tiba kwa kijiko cha unga anakuuzia maneno. Mimi ningeila kama chakula kizuri chenye sifa ya ziada.

Haraka ndiyo adui wa kazi hii. Mwaka 1989 maca iliingizwa katika kitabu kuhusu mazao yaliyosahaulika ya Wainka, maana mashamba yake yalikuwa yamebaki kidogo mno. Miaka 25 baadaye, mwaka 2014, wanunuzi kutoka China walimiminika Junín na bei ikapaa. Sheria ya Peru ilikataza kuuza nje viazi vizima visivyosindikwa, lakini vilivuka mpaka, na kilimo kikashamiri Yunnan, huko China. Bei ikaporomoka, na ardhi iliyolimwa bila kupumzishwa ikabaki na uchovu wake.

Dukani unga wa manjano ni unga wa manjano. Uliotoka kwenye kikaushio cha mashine kwa saa chache na uliolala miezi miwili chini ya jua na jalidi vinaweza kukaa rafu moja kwa bei moja, lebo ikitaja rangi na miligramu. Swali ambalo mnunuzi anafaa kumuuliza muuzaji ni jinsi ilivyokaushwa, wapi, na kwa muda gani. Wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa.